Ukingo wa Dari: Je, Upendo Unaweza Kupimwa?

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Law. 19:32–36, Kum. 22:8, Marko 7:9–13, 1 Tim. 5:3–10, 2 Sam. 19:31–38, Yn. 21:18, Mdo 6:1–7, Zek. 8:4, 5.

Fungu la kukariri: Walawi 19:32. Lisome kwa sauti kutoka katika Biblia yako, kisha usiishie hapo. Endelea hadi fungu la 36.

Katika lugha yetu "mzee" ni cheo kabla ya kuwa umri. Mtu wa miaka arobaini huitwa mzee kwa heshima. Kanisani tunachagua wazee. Na wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini heshima ya mdomoni haimgeuzi mtu kitandani saa nane za usiku, wala haimfikishi chooni kwa wakati. Siku inapofika ambapo mzee wetu hawezi kuoga, kula au kumeza dawa bila mkono wa mwingine, heshima huulizwa swali jipya: nani atafanya, na atafanyaje?

Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania wapatao milioni 2.5 wenye miaka 60 na zaidi, yaani asilimia 5.6 ya watu wote. Walio wengi huishi na jamaa zao. Baadhi ya wasio na mtu hupokewa katika makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Njoro mjini Moshi, Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza, au Sebleni na Welezo kule Unguja. Makao mengine huendeshwa na mashirika ya dini.

Kila panapokuwa na makao ya namna hiyo, huja mtu na orodha: vyoo vingapi, wahudumu wangapi, dawa zinatunzwa wapi, mlango unafunguka upande gani. Wapo waumini wanaosema kwamba mambo hayo ni ya serikali tu. Mwenye upendo, husema, hahitaji kanuni. Na asiye na upendo, kanuni hazitamsaidia. Juma hili tutaupima usemi huo kwa Maandiko, kwa sababu kama si kweli, kuna wazee wanaoumia kwa ajili yake.

JUMAPILI
Mvi na Mizani

Soma Walawi 19:32–36. Ni amri gani tatu zimewekwa jirani katika mafungu haya? Kuna uhusiano gani kati yake?

Amri ya kwanza yatuambia tusimame mbele ya mwenye mvi. Ya pili yatukataza kumwonea mgeni akaaye kati yetu. Ya tatu yadai mizani ya kweli, mawe ya kweli na vipimo vya kweli. Sura haisemi kwamba hizi tatu ni amri moja. Hata hivyo mzee anayeishi katika makao anaziunganisha zote katika mwili wake. Ana mvi. Ni mgeni, maana hata akikaa hapo miaka kumi, funguo ni za mwingine. Tena anakula kwa kipimo kilichoshikwa na mkono usio wake.

Fikiri jinsi mizani inavyofanya kazi sokoni. Mnunuzi wa Mlandizi huiona mizani kwa macho yake. Akipunjwa, hupiga kelele au huhamia meza ya pili. Mzee aliyelala hawezi kuhama. Mara nyingi hata anayelipa si yeye: watoto hutuma fedha, wafadhili huleta misaada, wageni huja na sukari na sabuni, hupiga picha na kuondoka. Hivyo anayeisifu huduma si yule anayeipokea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tusidhani kwamba hili ni tatizo la umaskini peke yake. Mwaka 2022 mwandishi Victor Castanet alitoa kitabu nchini Ufaransa juu ya kampuni kubwa ya Orpea. Alieleza jinsi nepi na chakula vilivyobaniwa katika makao ya gharama kubwa huko Neuilly-sur-Seine, karibu na Paris. Ukaguzi wa serikali uliofuata katika kampuni hiyo ulikuta kasoro nzito. Efa ya uongo ilikuwa katika nyumba ya matajiri, na kwa kuwa nyumba ilikuwa nzuri, wengi hawakufikiri kuitazama.

Basi jibu la kwanza ni hili. Kipimo hakiwekwi kwa sababu kila mtoa huduma ni mwizi. Kinawekwa kwa sababu mpokeaji hana sauti, na kipimo humsemea. Mfanyabiashara mwaminifu haiogopi mizani, na mtoa huduma mwenye upendo naye hana sababu ya kuiogopa.

Ni huduma gani katika kanisa lenu hupimwa kwa maneno ya wanaoitoa badala ya wanaoipokea?

JUMATATU
Ukingo wa Dari

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Kwa nini Mungu aliweka kanuni ya ujenzi katika Torati yake?

Katika Israeli dari lilikuwa bapa, na watu walipumzika na hata kulala juu yake. Mwenye nyumba mpya aliagizwa kuweka ukingo, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Angalia mambo matatu. Sheria haiulizi kama mwenye nyumba anawapenda wageni wake. Pengine anawapenda sana; bila ukingo watakufa vilevile. Pili, atahesabiwa damu ingawa hakumsukuma mtu. Tatu, ukingo hujengwa nyumba ingali mpya, kabla hajaanguka mtu yeyote.

Huu ndio msingi wa viwango vyote vya usalama. Upendo unaongojea ajali ndipo utengeneze umechelewa.

Sasa tuje Kibaha. Mji wetu uko kama kilometa 40 kutoka Dar es Salaam, na wengi wa Maili Moja, Picha ya Ndege na Kongowe huondoka alfajiri na kurudi usiku. Baadhi yao wamewaleta wazazi kutoka Upareni, Mara au Maneromango ya Kisarawe. Baba hubaki na dada wa kazi, geti likiwa na kufuli. Nyumba hiyo haina kibao wala kibali, lakini ni makao ya wazee yenye mkazi mmoja. Ukingo wake u wapi?

U bafuni, ambapo vigae vinavyong'aa huteleza vikilowa, na chuma cha kushikia ukutani kingezuia nyonga kuvunjika. U njiani kutoka kitandani hadi chooni, panapohitaji taa ya usiku. U katika dawa za presha na sukari: zimeandikwa wapi, nani huzitoa, na nini hufanyika zikisahaulika? U katika godoro, maana asiyejigeuza akiachwa upande mmoja kwa saa nyingi hupata vidonda vya kulalia, ambavyo vikichimba huua. U katika kikombe cha maji kilicho karibu na mkono, kwa kuwa wazee wengi hawasikii kiu mapema. U mbali na jiko la mkaa lililoingizwa chumbani wakati wa baridi, milango ikiwa imefungwa. U katika nondo za dirisha na kufuli la geti: moto ukiwaka, ufunguo uko kwa nani?

Tena pana mtu wa pili ndani ya nyumba hiyo. Msichana asiyefundishwa, anayeinua peke yake mwanamume wa kilo sabini, halali usiku na kulipwa kidogo, naye yuko juu ya dari lisilo na ukingo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna kiwango cha kweli cha kumtunza mzee kinachomsahau anayemtunza.

Leo usiku, tembea kutoka kitanda cha mzee wako hadi chooni bila kuwasha taa. Umejifunza nini?

JUMANNE
Korbani

Soma Marko 7:9–13. Ni kosa gani hasa ambalo Yesu aliwakemea Mafarisayo? Kisha linganisha na 1 Timotheo 5:3–10.

Mtu alikuwa akitangaza kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa neno hilo takatifu akajifungua kutoka katika wajibu wake. Je, mtoto anayempeleka mama yake katika makao na kulipa ada anafanya Korbani?

Mpangilio wa Paulo ni wazi: kwanza watoto na wajukuu, kisha kanisa kwa yule aliyeachwa peke yake. Hata umri alioutaja kwa mjane wa kuandikwa, miaka 60, ndio uliotumiwa na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Sera hiyo nayo iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo, na makazi kuwa hatua ya mwisho. Ellen White, katika Shuhuda kwa Kanisa, juzuu ya 6, alishauri vivyo hivyo: haikuwa vema kujenga taasisi za kuwakusanya wazee pamoja, kila familia iwahudumie jamaa zake, na pale isipowezekana, kazi hiyo ni ya kanisa.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba nyumbani ni salama kwa kuwa ni nyumbani. Isaka alidanganywa ndani ya hema lake, na mke wake na mwanawe, kwa njia ya upofu wake na chakula alichokipenda (Mwanzo 27). Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni yakichukuliwa kuwa ushahidi. Na mara nyingine nyuma ya tuhuma palikuwa na shamba la kurithi. Kwa mama aliyekimbia hatari ya namna hiyo, makazi si jalala la kutupia watu. Ni mji wa makimbilio.

Kwa hiyo Korbani haipimwi kwa mahali mzee anapolala. Inapimwa kwa swali: je, nimetumia jina zuri kukimbia wajibu? Ada inayolipwa kila mwezi bila mtoto kufika yaweza kuwa Korbani. Vilevile maneno "mimi siwezi kumpeleka mzazi wangu popote" yaweza kuwa Korbani, ikiwa fahari ya familia ndiyo inayombakiza mama mahali anapopata vidonda na njaa. Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi ambaye hakuwa mwanawe wa kumzaa (Yn. 19:26, 27). Kukabidhi si kutelekeza, mradi umeichagua mikono kwa uangalifu.

JUMATANO
Barzilai na Petro

Soma 2 Samweli 19:31–38. Barzilai alikataa nini, na kwa sababu gani? Daudi alilipokeaje jibu lake?

Barzilai alikuwa na miaka 80. Mfalme alimwahidi matunzo bora kuliko yote yaliyokuwepo katika nchi: meza ya kifalme, Yerusalemu, ulinzi. Mzee akakataa. Hakuonja tena ladha ya chakula, hakusikia vema sauti za waimbaji, na alitaka kufa mjini kwake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Daudi hakumwambia kwamba haelewi faida yake. Alimbusu, akambariki, akamchukua Kimhamu badala yake.

Soma sasa Yohana 21:18. Yesu alikuwa akisema juu ya kifo cha Petro, lakini picha aliyoitumia ni ya uzee: kunyosha mikono, kufungwa mshipi na mwingine, na kupelekwa usikotaka. Bwana alijua kwamba uchungu wa uzee si maumivu ya magoti peke yake. Ni kuamuliwa.

Hapa ndipo viwango vinaweza kugeuka kuwa gereza. Njia rahisi ya kuhakikisha mzee haanguki ni kutomruhusu kusimama. Njia rahisi ya kuhakikisha hapotei ni kufunga geti. Mwisho wa mwaka daftari la ajali litakuwa tupu, na mtu aliyekuwa hai atakuwa amekaa kwenye kiti miezi kumi na miwili. Kanuni za Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wazee, zilizopitishwa tarehe 16 Desemba 1991, zasema kwamba mzee aishiye katika makao habaki nyuma ya mwingine kwa utu, imani, faragha na haki ya kuamua juu ya matunzo yake. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2016 juu ya haki za wazee yataka makao yawe ya hiari, ya gharama inayowezekana, na yenye viwango vya chini vya kitaifa.

Tutofautishe, basi. Kuna hatari ambayo mzee hakuichagua: sakafu yenye utelezi, dawa isiyo yake, mkono unaompiga. Hiyo ni juu yetu kuiondoa. Na kuna hatari anayoichagua akijua: kwenda na mkongojo hadi kibarazani kwa rafiki yake, kulima tuta moja la mihogo. Hiyo ni yake. Kazi yetu ni kuipunguza, si kumnyang'anya. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau uwanja wa kuchagua hupungua, lakini hauishi. Hata asiyejua mwaka anajua kama anapenda uji wa moto au wa baridi.

Kipimo kigumu zaidi kiko mlangoni petu. Kibaha na Kisarawe ni nchi ya Wakwere na Wazaramo, na majirani zetu wengi ni Waislamu. Kama kanisa lingeendesha makao hapa, je, mzee Mwislamu angeletewa maji ya udhu alfajiri, angeelekezwa kibla, na angezikwa kwa taratibu za dini yake? Sisi ambao tungeumia kama mama yetu, katika makao ya wengine, angenyimwa Sabato yake, tunalijua jibu.

ALHAMISI
Manung'uniko ya Yerusalemu

Soma Matendo 6:1–7. Mitume walifanya nini waliposikia malalamiko? Hawakufanya nini?

Huenda hili ndilo lalamiko la kwanza la ubora wa huduma katika kanisa la Kikristo. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Lilitokea katika kanisa lililojaa Roho, miongoni mwa watu waliouza mashamba yao kwa ajili ya wenzao. Upendo ulikuwepo. Utaratibu ndio uliopungua.

Mitume hawakusema kwamba wanaolalamika hawana imani. Hawakusema, "Hii ni huduma ya Mungu, haiwezekani mtu akasahauliwa." Waliita mkutano, wakataja sifa za kazi, wakaweka watu saba wenye kuwajibika kwa majina. Majina yote saba ni ya Kiyunani, ishara kwamba upande uliokuwa ukisahauliwa ulipewa nafasi katika usimamizi. Na Luka anaandika kwamba baada ya hapo neno la Mungu likaenea.

Uingereza, chombo cha ukaguzi kilichoanza kazi mwaka 2009 huuliza kila makao maswali matano: Je, ni salama? Yanafaa? Yana upole? Yanasikiliza mahitaji ya kila mtu? Yanaongozwa vema? Sisi nasi tuna mahali pa kuanzia. Katiba yetu, ibara ya 11, yaitaka nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wakati wa uzee, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ni mlango wa kubisha mzee anapoumizwa, iwe ni katika makao au katika nyumba ya mshiriki.

Kanisa la Kibaha halihitaji kujenga jengo ili kulitii Neno hili. Tena lijihadhari, maana jengo hupata kibao cha uzinduzi, lakini kumgeuza mtu kila saa mbili hakuna kibao. Mashemasi na akina mama wa Dorkasi wanaweza kuwa na daftari la wazee wote wa mtaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu vilevile. Wanaweza kutembelea bila taarifa, kuongea na mzee peke yake, kutazama mgongo na visigino, kuuliza nani anashika pensheni yake, na kumpumzisha anayemtunza angalau mchana mmoja kwa juma.

Mzee katika kanisa lenu akitaka kulalamika juu ya mwanawe mwenyewe, ambaye ni mshiriki mwenye cheo, atamwambia nani?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Zekaria 8:4, 5. Nabii anaonyeshwa Yerusalemu iliyorejeshwa, na alama yake ni wazee wenye mikongojo wakikaa njiani, watoto wakicheza hapo hapo. Makazi kadhaa ya wazee nchini mwetu, Nunge ikiwemo, yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma. Ni mahali palipowekwa ili kutenga. Katika mji wa Mungu mzee hayuko nje ya kambi. Yuko barabarani, anaonekana.

Sasa turudi kwenye usemi wa Sabato mchana. Ni kweli kwamba kanuni haiwezi kuzaa upendo. Mhudumu anaweza kutimiza kila mstari wa orodha na asimwite mzee kwa jina lake hata mara moja. Ukingo hauwapi wageni furaha ya darini. Huwazuia tu wasife. Lakini anayesema, "Nina upendo, kwa hiyo sihitaji ukingo," hajatuonyesha upendo bado. Amemwomba mtu dhaifu abebe hatari ya nia yake njema. Kiwango ni sakafu. Upendo husimama juu yake, na bila sakafu hauna pa kusimama.

Maswali ya Kujadili

1. Je, kuna hali ambayo kumpeleka mzazi katika makao ni utii kwa amri ya tano? Elezeni ni ipi, na ni nini kingeonyesha kwamba nia ni njema.

2. Mzee mwenye akili timamu anataka kurudi kuishi peke yake kijijini, na watoto wanaogopa ataanguka. Nani aamue? Tumieni mfano wa Barzilai.

3. Kama darasa, andikeni mambo matano ambayo kila nyumba yenye mzee katika kundi lenu inapaswa kuwa nayo. Nani atasaidia nyumba isiyoweza kuyagharimia?

4. Dada wa kazi anayemtunza mzee wa mshiriki wenu hupumzika siku gani? Amri ya Sabato (Kutoka 20:10) yamhusuje?

5. Watajeni wazee wa kanisa lenu ambao hawajaonekana ibadani kwa miezi mitatu. Kabla ya kufunga somo, mpangeni nani atakwenda kwa nani, na siku gani.